Pemba ilishinda kwa chanjo, si kwa sumu

Mwandishi ameieleza vizuri hatari ya kichaa cha mbwa, lakini wachangiaji hapo juu wanaotaka mbwa wote wa mitaani watiliwe sumu wautazame kwanza mfano wa Pemba. Kisiwani huko ugonjwa ulitokomezwa mwaka 2014 kwa kampeni za kuchanja mbwa. Uchanjaji ulipolegea, virusi viliingia tena kutoka nje ya kisiwa mwaka 2016, watu wakang'atwa, kampeni zikarudiwa, na kufikia mwisho wa 2018 ugonjwa ulikuwa umetoweka tena. Shirika la Afya Duniani linashauri kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, na hapo ndipo sumu inapoharibu kazi: inamuua aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa, kisha nafasi zao zinachukuliwa na watoto wa mbwa wasio na kinga yoyote. Tena wengi wa hao wanaoitwa mbwa wa mitaani wana wenyewe, na hata mtoto wa nyumbani anaweza kumfunga wake kamba akampeleka kuchanjwa.

Jambo moja mwandishi aliongeze kwenye makala: aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha awahi hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo, hata kama ni mchubuko tu. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Wazazi nao wawaulize watoto kwa upole, maana wengi huficha jeraha kwa kuogopa kuchapwa.