Mono Si Sauti ya Maskini

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo lililotugawa sisi wanachama wa klabu ya muziki. Najua wapo watakaosema kwamba mwanafunzi wa kidato cha nne, mwenye mtihani mbele yake, afadhali angeandika juu ya hesabu. Lakini jambo hili litawagusa wazazi wetu siku ya mahafali, kwa hiyo sikuweza kulinyamazia.

Jambo lenyewe ni hili. Klabu yetu imepewa kazi ya kupiga nyimbo za zamani wakati wageni watakapokuwa wanakula. Wenzangu wengi wanataka kila wimbo uwe wa stereo, na zile nyimbo za mono zigeuzwe kwa programu ya kompyuta. Mmoja wao alisema mkutanoni, "Mono ni sauti ya maskini." Watu walicheka, na mimi nilicheka pia. Baadaye nilipofikiri niliona kwamba tulicheka bure.

Kwa wale wasiojua, mono ni sauti ya mkondo mmoja. Hata ukifunga spika kumi, zote zitatoa sauti ile ile. Stereo ni mikondo miwili, wa kushoto na wa kulia, na kila mmoja waweza kubeba vitu vyake. Msikilizaji akikaa katikati, huona kana kwamba mpiga gitaa yupo upande huu na mwimbaji yupo upande ule. Uvumbuzi huu si wa jana. Mwingereza Alan Blumlein aliusajili mwaka wa 1931, na santuri za stereo zikaanza kuuzwa madukani mwishoni mwa miaka ya 1950.

Sasa nieleze yaliyonibadilisha mawazo. Likizo ya Juni nilikuwa nyumbani, Mgwashi. Jioni moja ukungu ulikuwa umefunika migomba yote, nasi tumekaa jikoni karibu na moto. Babu yangu hasikii kwa sikio la kulia tangu ujana wake. Nilitaka aonje albamu ya kwanza ya Beatles, Please Please Me ya mwaka wa 1963, iliyokuwa katika simu ya mjomba. Nikamtia Babu hedifoni ya kushoto, nami nikachukua ya kulia. Baada ya nyimbo mbili Babu akaniuliza, "Mjukuu wangu, vijana hawa wanapiga vizuri sana. Wataanza kuimba saa ngapi?"

Nilishangaa, kwani mimi nilikuwa nasikia uimbaji tangu mwanzo! Kumbe albamu ile ilirekodiwa katika utepe wa njia mbili, vyombo njia moja na sauti za waimbaji njia ya pili, ili mafundi wapate kuzipima vizuri na kuzichanganya ziwe mono. Ilipotengenezwa stereo, vyombo vikaachwa kushoto na sauti kulia. Babu alipewa nusu ya wimbo. Katika simu upo mpangilio wa kuunganisha mikondo miwili, uliowekwa kwa ajili ya watu wenye shida ya kusikia. Nilipouwasha, Babu alianza kupigapiga goti lake.

Wala Babu si peke yake. Huko Marekani, Brian Wilson wa Beach Boys alikuwa karibu kiziwi kwa sikio la kulia. Albamu yake Pet Sounds ya mwaka wa 1966, ambayo wengi huihesabu miongoni mwa albamu bora za roki, aliitoa kwa mono. Hao Beatles nao, walipotengeneza Sgt. Pepper's mwaka wa 1967, walishughulika wenyewe na kuchanganya sauti za mono, na ile ya stereo wakawaachia mafundi. Ukilinganisha hizo mbili utaona tofauti. Wimbo She's Leaving Home huenda haraka zaidi kidogo katika mono kuliko katika stereo. Je, watu hao walikuwa maskini?

Turudi kwetu. Babu alipokuwa kijana, bendi za Tanga kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilikuwa zikivuma, na Morogoro alikuwapo Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka wa 1979. Kwa miaka mingi bendi nyingi zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Wapigaji walikusanyika chumbani, wakapiga na kuimba kwa pamoja, kwa ajili ya watu waliokuwa na redio yenye spika moja. Ikiwa saksafoni ilizidi sauti ya mwimbaji, ilibidi kumpanga mpigaji vizuri mbele ya maikrofoni. Namna solo, rithimu na besi zinavyopishana bila kugongana katika mkondo mmoja ni kazi ya mikono na masikio ya watu hao.

Leo programu ya kompyuta huchukua wimbo kama huo, huuchambua, gitaa hulitupa kushoto na tarumbeta kulia. Mimi naona huko ni kama kulitia tembo maji. Tena si jambo jipya. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Capitol ya Marekani ilitoa santuri zilizorekodiwa kwa mono zikiwa zimegeuzwa kuwa stereo ya bandia. Upande mmoja walizidisha sauti nyembamba na upande wa pili sauti nene, kisha wakachelewesha kidogo upande mmoja. Mnunuzi aliona neno stereo juu ya jalada, akadhani amepata zaidi.

Wenzangu hunijibu kwamba Mungu ametupa masikio mawili, na kwamba stereo ina raha yake. Hayo ni kweli, sikatai. Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka wa 1946, na wenzake wa Queen walitoa albamu A Night at the Opera mwaka wa 1975. Hiyo ilitengenezwa kwa stereo tangu mwanzo, na sauti zinazohama kutoka upande mmoja hadi mwingine ni sehemu ya kazi yenyewe. Ukiwa na hedifoni mbili na masikio mazima, isikilize hivyo hivyo.

Lakini bwalo letu si hedifoni. Wanachama wenzangu mnakumbuka Jumamosi ile muhula uliopita, tulipofunga spika moja ukuta wa kushoto na nyingine ukuta wa kulia. Meza za upande mmoja walisikia magitaa, meza za upande wa pili walisikia waimbaji, na waliokaa katikati tu ndio waliopata wimbo. Ingekuwa jikoni wamepeleka ugali kushoto na maharage kulia, tungenyamaza kweli?

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, siku ya mahafali amplifaya iwekwe kwenye mono, ili kila mzazi popote atakapoketi apate wimbo mzima. Wimbo wa stereo waweza kupoteza upana wake kidogo, lakini hasara hiyo ni ndogo kuliko mzazi kukosa uimbaji. Pili, nyimbo zetu za zamani zisigeuzwe, na klabu ihifadhi kila wimbo kama ulivyorekodiwa. Tatu, albamu za stereo tuzisikilize katika chumba cha klabu, watu wachache wachache, tukikaa katikati ya spika mbili.

Babu yangu ameahidi kuja siku hiyo. Ni safari ndefu kwa mzee, na ataketi popote atakapoonyeshwa. Nawaomba wanachama wenzangu tupige kura tena kabla ya siku hiyo, na mwenye hoja ya kunipinga aiandike hapa hapa gazetini, nami nitaisoma kwa heshima.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne