Darubini yenye kompyuta bado haijaushinda upepo

Uamuzi wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, uliotangazwa Januari 2022, wa kununua darubini za bunduki zenye kompyuta ndani yake, umeurejesha mjadala wa siku nyingi: je, shabaha ya mbali hupatikana kwa ubora wa chombo au kwa ustadi wa mlengaji?

Mkataba huo wa miaka 10 na kampuni ya Vortex Optics unaruhusu ununuzi wa hadi darubini 250,000 za aina ya XM157, kwa gharama isiyozidi dola bilioni 2.7. Darubini hiyo hupima umbali kwa mwali wa leza, huzingatia joto na mgandamizo wa hewa, kisha humwonyesha askari mahali pa kulenga.

Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa kwa jicho, hesabu na alama zilizochongwa katika kioo cha darubini. Kwa asiyezijua, alama hizo ni msalaba wenye vinukta tu. Kwa mjuzi, ni rula.

Kipimo kimoja cha rula hiyo, miliradiani, ni sawa na sentimita 10 katika umbali wa mita 100, na mita 1 kamili katika umbali wa mita 1,000. Ubao wenye kimo cha mita 1.8 ukionekana kujaza vipimo viwili, basi uko umbali wa mita 900.

Hesabu hiyo sasa imechukuliwa na kompyuta. Upepo, hata hivyo, umebaki mikononi mwa binadamu, kwa kuwa upepo anaousikia mlengaji usoni si lazima uwe ule unaovuma katikati ya safari ya risasi.

Ushahidi wa jambo hilo upo Bisley, nchini Uingereza, ambako mashindano ya Tuzo ya Mfalme hufikia fainali kwa walengaji 100 katika umbali wa yadi 900 na 1,000. Katika mashindano hayo, darubini hairuhusiwi kufungwa juu ya bunduki.

Katika umbali wa yadi 1,000, upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa unaweza kuisukuma risasi zaidi ya mita 2. Kwa hiyo mshindani hutazama bendera zilizopangwa uwanjani na mazigazi yanayopanda kutoka ardhini, kisha huamua. Ujuzi huo huchukua miaka kuupata.

Aidha, chombo chenyewe kimetiliwa shaka. Ripoti ya mwaka wa fedha 2024 ya ofisi inayosimamia majaribio ya silaha katika Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilieleza kuwa askari waliikadiria XM157 chini ya wastani kwa urahisi wa matumizi. Uwezekano wa darubini hiyo kumaliza saa 72 za vita bila hitilafu kubwa ulikuwa mdogo.

Hatari basi si kununua kompyuta, bali kupunguza mazoezi kwa kuitegemea. Waundaji wa XM157 wenyewe waliacha ndani ya kioo chake alama za kuchongwa, zisizohitaji betri. Siku kompyuta itakapozima, alama hizo zitamfaa tu askari aliyefundishwa kuzisoma.