Tuonyeshwe dhamana kabla ya jiwe la msingi

Juzi, katika baraza moja kwenye ukingo huu wa Mto Tana, wananchi waliulizia wadi ya akina mama iliyokwama kwenye linta. Kuta zimesimama, paa hakuna, mbuzi wanalala mahali palipokusudiwa vitanda. Afisa akainuka, akasema mkandarasi ameondoka na dhamana yake ya benki imekwisha muda. Akaketi. Wazee wakatazamana, mkutano ukahamia kwenye ajenda nyingine. Hakuna aliyeuliza ilikuwa kazi ya nani kuiangalia tarehe ya mwisho ya dhamana ile, na kwa nini mtu huyo bado anapokea mshahara wetu.

Mimi nauliza, na nawaomba ndugu zangu wa Nanighi, Bura, Hola hadi Garsen tuulize pamoja, kwa sababu lililotendeka pale ni fedha za umma kuachwa zipotee.

Dhamana ya utekelezaji ni ahadi ya benki, au wakati mwingine kampuni ya bima, kwamba mkandarasi akiitupa kazi, kaunti italipwa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inaruhusu kudai dhamana ya hadi asilimia 10 ya thamani ya mkataba. Kwa wadi ya shilingi milioni 20, hiyo ni milioni 2. Ndizo fedha za mabati, mbao na fundi wa kumalizia. Mkandarasi akitaka malipo ya awali, hayapaswi kuvuka asilimia 20, nayo yana dhamana yake. Lakini kila dhamana ina tarehe ya mwisho. Kabla ya tarehe hiyo, kaunti inaandika barua ya kudai au inamtaka mkandarasi aongeze muda. Siku ikipita, benki haidaiwi tena, na karatasi ile inabaki ya kufungia karanga. Basi ofisi yenye mwanasheria, mhasibu na injinia ilishindwa kuandika barua moja ya ukurasa mmoja. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku, anapakiwa kwenye bodaboda kwa sababu barua hiyo haikuandikwa.

Sababu za miradi kukwama hazihitaji kuelezwa sana: tenda za kujuana, haraka ya kuzindua kabla ya uchaguzi, wakaguzi wanaosaini bila kushuka garini.

Iko sababu nyingine, nayo ndiyo mzizi. Kazi huanzishwa kabla ya fedha kuwepo. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 53, inamkataza afisa mhasibu kuanza ununuzi wowote kabla hajaridhika kwamba fedha za kutosha zimetengwa kwenye bajeti. Hata hivyo, kufikia Juni 2024, Mdhibiti wa Bajeti alikuta kaunti zetu kwa jumla zinadaiwa takriban shilingi bilioni 182 za bili ambazo hazijalipwa. Ndani ya bilioni hizo wamo wakandarasi wadogo, vijana wa hapahapa, waliokopa na kuweka rehani viwanja vya wazazi wao. Na mkandarasi aliyeacha kazi kwa kuwa hakulipwa ana hoja nzito mbele ya hakimu. Kaunti iliyovunja ahadi ya kulipa itakuwa na uso gani wa kudai dhamana? Kwa hiyo tusidai dhamana peke yake. Tudai pia kuoneshwa fedha zilipo.

Sisi wa huku tumeishi ndani ya somo hili. Mradi wa umwagiliaji wa Bura ulipoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwa wafadhili, nia ilikuwa maji ya Tana yachepushwe na kuteremka yenyewe kwa mfereji hadi mashambani. Gharama zikapanda, kizuizi cha mto kikaahirishwa, zikawekwa pampu za dizeli hapa Nanighi. Za muda, ndivyo tulivyoambiwa. Zikakaa miongo. Mafuta yalipokosekana au pampu zilipoharibika, mahindi na pamba vilikauka huku mto unapita pembeni. Kufikia miaka ya 1990 mradi ulikuwa umeporomoka, na familia zilizoletwa kutoka pembe zote za Kenya ziliachwa na mifereji mitupu, watoto wao wakikua kwa chakula cha msaada. Ujenzi wa mfereji wa kuteremsha maji kutoka Korokora ulisubiri zaidi ya miaka 30. Kazi iliyoanzwa kwa nusu ya fedha, nusu nyingine ililipwa na wakulima hao kwa njaa.

Leo tunarudia yaleyale kwa vipimo vidogo: zahanati, soko, kalvati, mtaro wa mji. Kisha mafuriko kama ya mwisho wa 2023 na ya Aprili 2024 yanakuja, yanakuta mitaro haijamalizika na kuta hazina msingi wa maana, na kilichojengwa kinarudi mtoni.

Basi tufanye hivi. Mradi ukitajwa katika wadi yako, usikubali jembe la kwanza lipige ardhi kabla ya kusomewa mambo matatu hadharani: kasma ya bajeti na kiasi kilichotengwa, jina la benki iliyotoa dhamana, na tarehe ya mwisho ya dhamana hiyo. Tarehe iandikwe kwa rangi, herufi kubwa, kwenye ukuta wa kibanda cha bodaboda, na itangazwe msikitini na kanisani. Mchagueni kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, mwenye simu, apige picha ya jengo kila Ijumaa. Miezi miwili kabla ya tarehe, kama kazi imelala, barua iende kwa kaunti na nakala kwa mwakilishi wadi: ongezeni muda au idaini benki. Wakikataa kutoa nakala ya dhamana, iko Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayowapa siku 21 kujibu. Zikipita kimya, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ombi ni la maandishi, linaweza kuwa kwa Kiswahili, na halihitaji wakili.

Tuwe waangalifu pia dhamana isigeuzwe ukuta wa kuwafungia nje watu wetu. Vikundi vya vijana, wanawake na wenye ulemavu wanaoomba zabuni walizotengewa hawapaswi kudaiwa dhamana ya zabuni. Sheria inawataka wajaze fomu ya tamko tu. Afisa akiwafukuza kwa kukosa barua ya benki, anawadhulumu.

Wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wa Matadeda, baraza la Waorma, mmewahi kukaa chini ya mti mmoja kukomesha umwagaji damu. Kaeni tena kwa hili. Mpokomo, Muorma, Mwardei, Mmunyoyaya na Msomali wa ng'ambo ya mto hujifungulia zahanati zilezile na huvuka kalvati zilezile. Anayetugawa kwa kabila wakati wa tenda anajua kwamba tukigombana hatutamkagua. Nasi tuache kumpigia makofi kiongozi anayekuja na mwiko na saruji ya kamera. Makofi hayo tumeyapiga mno, na wadi ya akina mama haina paa.

Makadirio ya bajeti sharti yafike bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla yake wananchi huitwa kutoa maoni. Mara nyingi tunakwenda wachache, tunasaini orodha, tunapokea nauli, tunarudi. Safari hii, tafadhalini, njooni wote: wavuvi, wafugaji, mama mboga, walimu. Mkae hadi mwisho. Mtu yeyote asisaini orodha ile kabla miradi iliyokwama haijasomwa mmoja mmoja, pamoja na fedha zilizobaki kwenye kasma, benki iliyotoa dhamana na tarehe yake.