Ajira ya Kiingereza ng'ambo: Muulize wakala ni nani anayemlipa

Majuzi alinijia ofisini kijana niliyemfunza zamani. Ana shahada ya ualimu katika Kiingereza na Fasihi, na kwa miaka minne amekuwa akisubiri Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, imwite, huku akifundisha katika shule moja ya kibinafsi kwa ujira usiotosha nauli na chakula. Mkononi alikuwa na karatasi ya wakala mmoja jijini Nairobi, iliyomwahidi kazi ya kufundisha Kiingereza nchini Uchina. Sharti ni kwamba alipe ada kwanza, kisha asafiri kwa viza ya biashara, na ile ya kazi "itatengenezwa huko huko". Wazazi wake walikuwa wameshapata mnunuzi wa ng'ombe wawili. Akaniuliza swali ambalo walimu wengi hujiuliza: "Mwalimu, nipitie kwa wakala au nijitafutie mwenyewe?"

Nilimwambia kwamba lipo swali linalotangulia hilo. Kabla hujachagua mlango wa kuingilia, sharti ujue kama mwenye nyumba anakukaribisha.

Ukweli ni kwamba nchi nyingi hazimpimi mwalimu wa Kiingereza kwa umahiri wake bali kwa pasipoti yake. Korea Kusini kwa kawaida huwapa viza ya ualimu wa lugha, ijulikanayo kama E-2, raia wa nchi saba za Kiingereza: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kijana wa miaka 22 kutoka mojawapo ya nchi hizo, mwenye shahada ya somo lolote, anaweza kupokewa, ilhali Mkenya aliyesomea ualimu na kufundisha kwa miaka kumi hugeuziwa kisogo. Uchina nayo huwatanguliza wale inaowahesabu kuwa wazawa wa lugha, japo utekelezaji hutofautiana baina ya mkoa na mkoa.

Sisi wanaisimu hatuwezi kukana kwamba mizizi ya ubaguzi huu imo katika taaluma yetu, tena karibu na kwetu. Mwaka 1961, katika chuo cha Makerere nchini Uganda, wataalamu wa Jumuiya ya Madola walikutana kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alionyesha jinsi mkutano huo ulivyoimarisha imani kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni yule aliyezaliwa nacho, naye akaiita imani hiyo upotovu. Miaka miwili baadaye, Péter Medgyes wa Hungaria alieleza kwamba mwalimu aliyejifunza lugha mwenyewe huyajua mashimo ya njiani, kwa kuwa aliyapitia. Nani basi ayajue kuliko mwalimu wa Kenya, aliyekua baina ya lugha ya nyumbani, Kiswahili na Kiingereza?

Lakini hoja za kitaaluma hazigongi mihuri ya viza. Na pale ambapo mlango wa halali ni mwembamba, ndipo wakala mjanja hutoboa tundu ukutani na kulitoza ada. Viza ya kazi ya Uchina, iitwayo Z, huombwa ubalozini kabla ya safari, kwa kibali ambacho mwajiri amekipata kwanza huko kwake. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba mambo yatatengenezwa ukishafika anakutuma uvunje sheria. Sheria ya Uchina iliyoanza kutumika Julai 2013 humtoza mgeni afanyaye kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na makosa yakiwa mazito huongezewa kizuizi cha siku 5 hadi 15. Wakala naye ana adhabu yake katika sheria hiyo, lakini aliye Nairobi hushikwa na nani?

Nisije nikaeleweka visivyo. Sidai kwamba mawakala wote ni walaghai. Wakala mwaminifu huzijua shule, huharakisha hati na huweza kumtetea mwalimu mgeni. La msingi ni kuuliza ni nani anayemlipa. Mkataba nambari 181 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala asimtoze mfanyakazi ada, isipokuwa katika hali maalumu. Anayelipwa na shule hupata faida ukiajiriwa. Anayelipwa na wewe ameshapata faida yake kabla hujapanda ndege. Hata huyo wa kwanza, kumbuka kwamba mteja wake ni shule. Tena, hapa nchini mawakala wa ajira husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Asiye na usajili usimpe hata nakala ya pasipoti.

Anayejitafutia mwenyewe huandikia shule moja kwa moja, na hubeba mzigo wote: cheti cha tabia njema, shahada iliyothibitishwa, safari za wizarani na ubalozini. Faida yake ni kuwa anamjua mwajiri wake kwa jina. Azungumze na mwalimu anayefanya kazi pale, kisha ausome mkataba: saa za kufundisha ni ngapi, nani analipa nyumba, tikiti na bima, na je, ukitaka kuhama, shule itakupa barua ya kukuachilia? Nchini Uchina, kukosa barua hiyo kunaweza kukufunga kwa mwajiri usiyemtaka.

Serikali nayo isijitie hamnazo. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano kuhusu wauguzi na wahudumu wengine wa afya. Ikiwa muuguzi anaweza kutafutiwa njia ya halali, mwalimu amekosa nini? Wanadiplomasia wetu wanapozungumzia biashara na nchi za Asia, waweke mezani pia sifa za walimu wetu. Na sisi wa vyuo vikuu, tunaofundisha uchanganuzi wa sentensi kwa miaka minne, tutenge walau wiki moja ya kuwafundisha wanafunzi kuusoma mkataba wa kazi.

Yule kijana alirudi kwa wakala na kumwuliza jina la shule. Akajibiwa kwamba angelijua akishafika. Ng'ombe wale wangali zizini, naye angali akisubiri TSC. Sikumpa kazi, na hilo lanisikitisha. Lakini afadhali mwenye kusubiri nyumbani na ng'ombe wake kuliko mwenye kusubiri kizuizini bila chochote.