Ndugu ni Kufaana, si Kufanana: Mwandishi Mtawa na Mhakiki Wake

Umezuka mtindo katika uhakiki wetu, hususan katika tasnifu za uzamili, wa mhakiki kuanza kwa kutangaza undugu wake na mwandishi aliyejitenga na watu. Huteuliwa mshairi aliyeishi na kufa nyuma ya mlango uliofungwa. Mhakiki naye, kwa kuwa ameonja upweke wake mwenyewe, hudai kumwelewa mtawa huyo kuliko walimwengu wote. Dai hilo likishatolewa, hoja hazitafutwi tena: hisia imekuwa ushahidi.

Hatuipingi hisia yenyewe. Msomaji asiyewahi kuhisi kwamba kitabu fulani kiliandikwa kwa ajili yake, yamkini hajasoma bado. Tunachokipinga ni kuigeuza hisia hiyo kuwa hati ya kumiliki.

Tumchukue Emily Dickinson, mshairi wa Marekani aliyezaliwa Amherst, Massachusetts, mwaka 1830, akafa huko huko mwaka 1886. Katika miaka yake ya mwisho hakutoka nyumbani, na baadhi ya wageni alizungumza nao akiwa nyuma ya mlango. Aliacha mashairi yanayokaribia 1,800, ilhali yaliyochapishwa katika uhai wake ni takriban kumi tu. Walioyaharibu mashairi hayo hawakuwa maadui. Mabel Loomis Todd na Thomas Wentworth Higginson, walioihariri diwani ya kwanza ya mwaka 1890, waliyapenda. Lakini walijiona wanajua alichokusudia kusema. Kwa hiyo wakanyoosha vina, wakabadili maneno, wakapunguza vistari vyake na kuyapa mashairi anwani ambazo yeye hakuziweka. Ilibidi kungoja toleo la Thomas H. Johnson la mwaka 1955 ili vistari hivyo virudi, na kazi ya R. W. Franklin ya mwaka 1981 ili vile vijitabu 40 alivyovishona mshairi mwenyewe vionekane katika mpangilio wake.

Isitoshe, Dickinson alikwisha kutahadharisha. Katika barua aliyomwandikia Higginson mwaka 1862, alieleza kwamba nafsi inayosema katika mashairi yake si yeye, bali ni mtu wa kudhaniwa. Sasa huyo anayedai undugu, ni ndugu wa nani? Tena, mlango ule haukuwa ukimya: zimesalia barua zake zaidi ya 1,000. Mhakiki anayetafuta upweke wake mwenyewe mle chumbani hawezi kuziona barua hizo, maadam zinamharibia picha.

Hata neno "utawa" tulilolitumia hapa lina mtego. Mwana Kupona wa kisiwa cha Pate, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858, aliishi katika jamii ambamo kutawa kulikuwa desturi ya wanawake wa kiungwana, wala si uamuzi wa mtu mmoja. Kumweka katika chumba cha Amherst kwa sababu tu wote wawili walikaa ndani ni kuifuta historia yake. Kumwita mama yetu sote, au dada wa kila mwanamke aliyenyamazishwa, ni kumnyang'anya sauti yake kwa mara ya pili, safari hii kwa jina la mapenzi.

Wahenga walisema ndugu ni kufaana, si kufanana. Undugu wa kweli na mwandishi aliyejitenga humpa mhakiki wajibu, haumpi haki: wajibu wa kulinganisha matoleo, wa kuuliza ni nani aliyehariri na alihariri nini, wa kuisoma barua inayoipinga hoja yake, na wa kukiri mahali ambapo matini inakataa kufunguka. Aliyefunga mlango alikuwa na sababu zake. Mgeni mwenye adabu hupiga hodi, na asipoitikiwa, haingii akadai kuwa ndiye mwenye nyumba.