Mwembe ni wa mtoto, maembe ni ya nani?

Miembe ya huku Ndagoni imevaa maua, na wanunuzi wameshaanza kuzunguka. Mnunuzi wa msimu huu haji na mizani wala tenga. Anakuja na simu na kibunda cha noti mfukoni. Anapiga hodi, anaamkia wakubwa, anazunguka shina mara mbili huku kainua shingo, kisha anataja bei ya mti mzima. Ukikubali, kuanzia siku hiyo mpaka msimu uishe mti unabaki wako lakini maembe ni yake.

Nisieleweke kwamba namwita mwizi. Anabeba hatari kweli. Mvua ikipiga maua kabla hayajashika, hasara ni yake. Mkwezi ni juu yake, gari mpaka Kilindoni ni juu yake, nauli ya mzigo kuvuka mpaka Nyamisati ni juu yake, na bado kuna safari ya kwenda Dar es Salaam. Boti ikichelewa siku mbili kwenye joto la kaskazi, maembe yanaanza kutoa maji ndani ya viroba. Ndiyo maana bei yake ni ya chini. Na sisi tunaikubali kwa sababu fedha inakuja Septemba, wakati ndani hamna kitu, badala ya Januari. Kuna anayeuguza, kuna anayeoza binti, kuna anayetaka bati.

Hayo ni mapatano ya watu wazima, na kila nyumba ina hesabu zake. Ninalotaka tuzungumze leo, mzazi mwenzangu, ni ile miti tuliyowapa watoto.

Pwani yetu nzima desturi hii ipo. Mtoto akizaliwa hupandiwa mti, mara nyingi mnazi, na wengine huzika kitovu chake palepale. Mtoto anakua anaambiwa, "Ule ni wako." Anaupima urefu, anagombana na wenzake wakiutupia mawe, anauonyesha kwa wageni. Sisi tulimpandia binti yetu mwembe dodo wa kokwa, maana mche wa kubebesha hatukuwa nao. Mwembe wa kokwa unahitaji subira. Wake ulizaa mara ya kwanza akiwa na miaka saba, maembe kumi na manne, na aliyahesabu kila asubuhi kama mtu anayehesabu kuku.

Mwaka jana akiwa darasa la tano mwembe ulizaa kwelikweli. Mnunuzi akaja, akatazama miembe sita iliyo uwanjani kwetu, akataja shilingi 180,000 kwa yote. Baba watoto alikuwa anatafuta bati za jiko, akanyoosha mkono wapeane. Binti alikuwa anakuna nazi barazani. Akauliza, bila kelele, "Baba, na wangu umo?"

Baba yake akamjibu kwamba mti wake ni wa nyumbani, na yeye mwenyewe ni wa nyumbani. Jibu hilo najua wengi mmelitoa. Lina ukweli ndani yake. Chakula anachokula mtoto, sare anayovaa, daftari na dawa, vyote vimetoka kwenye shamba hilohilo. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada, lakini Januari ikifika mzazi anajua kwamba kutotozwa ada si kutotumia fedha. Kwa hiyo baba anapoona mwembe, anaona nyumba nzima imening'inia juu yake.

Aliyeingilia kati ni mama mkwe wangu, ambaye kwa kawaida mambo ya bei hayamhusu. Alimwambia mwanawe maneno machache tu: "Mwanangu, ukitaka kumnyang'anya mnyang'anye, lakini usiseme ni wa nyumbani. Ulisema ni wake, sote tukasikia."

Kwa nini mzee huyu alishika hapo? Kwa sababu hapa Mafia mti na ardhi ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na minazi mitatu katikati ya shamba la mtu mwingine, na hakuna anayeshangaa. Anakuja kuangua nazi zake, anasalimia, anaondoka. Mama mkwe mwenyewe ana minazi miwili aliyorithi kwa baba yake, iko kwenye shamba ambalo limeshabadilisha mikono, na mwenye shamba wa sasa humletea nazi mlangoni. Watafiti waliokuja kuishi kisiwani tangu miaka ya 1960 wameandika kurasa nyingi juu ya nani ana mnazi gani na aliupataje, nasi tulidhani ni jambo la kawaida tu. Kwa mwanamke wa umri wake, mti uliotajwa jina ndiyo akiba isiyopita mkononi mwa mume wala kaka. Mtoto wa kike akizoeshwa mapema kwamba mti wake huwa wake mpaka pale mtu mwingine anapohitaji fedha, ataamini hivyo hata akiwa na miaka arobaini.

Upande wa dini jambo hili lina jina, nalo ni hiba. Urithi una mafungu yake na husubiri kifo. Hiba hutolewa mtoaji akiwa hai, na masheikh hutukumbusha kisa cha Nu'man bin Bashir, ambaye baba yake alimpa yeye zawadi na kuwaacha watoto wengine. Mtume (S.A.W.) alipoombwa awe shahidi, aliuliza kama ndugu zake wamepewa mfano wa hiyo, na alipoambiwa hapana, hakukubali kushuhudia. Mtoto akiwa mdogo, mzazi anaisimamia mali yake kwa manufaa ya mtoto. Msimamizi na mwenye mali ni watu wawili tofauti, hata kama wanalala nyumba moja. Sheria ya nchi nayo, kwa upande wa ardhi, haiko mbali: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki na kutumia ardhi ya kijiji.

Basi tukakaa. Uamuzi haukuwa mtamu kwa upande wowote. Mwembe wa binti ulitolewa kwenye mauzo, na mnunuzi akashusha bei hadi 150,000, maana yake mti ule aliupa thamani ya 30,000. Bati zikapungua. Lakini baba watoto naye akaweka sharti, na hapo nilimuunga mkono: kama maembe ni yake, basi gharama ni zake pia. Mkwezi atamlipa yeye. Nauli ya bodaboda kwenda Kilindoni ni yake. Tutamkopesha, na deni litaandikwa.

Nafungua mabano hapa kuhusu kazi, maana najua kuna msomaji ameshaanza kuniuliza moyoni: huyo mtoto anasoma saa ngapi? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, nayo iwe kazi nyepesi, isiyomdhuru na isiyomzuia kwenda shule. Kusaidia nyumbani si ajira, lakini kipimo hicho kinafaa hata uwanjani kwako. Kwetu watoto wanaokota maembe yaliyodondoka usiku, baada ya sala ya alfajiri na kabla ya kuoga kwenda shule. Jioni kuna madrasa. Sokoni ni Jumamosi tu, na mtu mzima yupo. Kupanda juu ni marufuku. Mwembe mkubwa una matawi yanayodanganya, linaonekana nene kumbe ndani limeoza, na mtoto aliyeanguka kutoka juu hatalipwa na embe lolote. Ya chini wanavuta kwa upembo, ya juu ni ya mkwezi. Msimu wa maembe ukikolea, ukiona madawati yamepungua watu darasani, usimlaumu mwalimu.

Tena juu kuna wenyeji. Wale siafu wekundu wanaoshona majani, majimoto, walimfanya binti siku moja acheze ngoma isiyo na mpigaji. Baba yake alitaka kuwachoma moto. Nikamzuia. Majimoto wanafukuza wadudu wanaofyonza nazi changa na korosho, jambo lililochunguzwa Zanzibar tangu miaka ya 1950, na utafiti uliofanywa Benin umeonyesha kwamba miembe yenye siafu hao hushambuliwa kidogo zaidi na nzi wa matunda. Mkwezi wetu hujipaka majivu mikononi na miguuni, anapanda, anatukana kidogo, anashuka.

Huyo nzi wa matunda ndiye aliyempa binti somo kubwa. Ni mgeni kutoka Asia, aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Jike hutoboa ganda na kutaga ndani. Embe kwa nje zuri, ukilikata ni funza. Embe hilo likidondoka na kuachwa chini ya mti, funza hutoka, huingia ardhini, na baada ya muda huruka wakiwa nzi wengine. Kwa hiyo maembe mabovu hayaachwi chini wala hayatupwi jalalani. Yanafukiwa kwenye shimo la kina cha nusu mita au zaidi, au yanafungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kuachwa juani mpaka funza wafe. Binti alifukia kila siku mbili. Popo nao wana fungu lao, na nzi hawafikiwi kwa maneno, kwa hiyo kati ya maembe aliyohesabu juu ya mti, mengi hayakufika sokoni.

Yaliyofika yalikuwa 450. Shangazi yake ana meza soko la Kilindoni, akamuuzia bila kumkata. Mzigo wa kwanza, mapema kabla soko halijajaa, maembe 110 kwa shilingi 200: 22,000. Wa pili, maembe 190 kwa 100: 19,000. Wa tatu ulikuja wakati kila mtu kisiwani ana maembe, 150 kwa 50: 7,500. Jumla 48,500. Mkwezi mara tatu kwa 2,000, bodaboda mara tatu kwa 4,000, viroba 1,000. Gharama 19,000. Kikabaki 29,500.

Ndiyo. Shilingi mia tano pungufu ya bei ya mnunuzi.

Baba watoto alicheka mpaka akakaa chini. Alisema angemuuzia tu mtoto angepata zaidi bila kuumwa na siafu. Kihesabu hakukosea, ingawa hakuhesabu maembe tuliyokula, wala achari ya mama mkwe, wala yale aliyopelekewa mwalimu wa madrasa. Binti hakucheka wala hakulia. Alilitazama daftari muda mrefu, kisha akaonyesha mstari wa tatu kwa kidole. "Huu mzigo ulinilia nauli," alisema. Kweli: 7,500 toa mkwezi na bodaboda, kinabaki 1,500 tu. Akasema angeangua mengi zaidi mara ya kwanza, yakiwa yamekomaa lakini hayajaiva, na ya mwisho angeyaacha yaliwe nyumbani.

Nimewahi kumwona mtu mzima akiuza maembe misimu kumi asiione hesabu hiyo.

Fedha yake ilikwenda hivi: ndala, kalamu za rangi, 10,000 akampa bibi amwekee, na 15,000 akakopwa na baba yake kwa ajili ya misumari ya bati. Niliandika kwenye daftari lilelile, tarehe na kiasi, na mkopaji akaweka sahihi huku akinung'unika kwamba nyumba imegeuka benki. Mpaka naandika haya amerudisha 9,000.

Mwaka huu mnunuzi yuleyule amerudi. Baba watoto ameuza miembe mitano, na alipofika wa sita alimwambia, "Huo zungumza na mwenyewe." Mwenyewe alikuwa na sare ya shule bado. Alimwamkia, akamtajia 45,000. Mnunuzi akacheka, akasema 35,000 na fedha hii hapa. Binti akaomba apewe mpaka Ijumaa, akahesabu maua.

Mdogo wake wa kiume, ambaye mwembe wake una miaka minne na haujaota hata ua moja, ameona mambo yote haya na amefungua shauri. Anasema dada kapewa mti unaozaa na yeye kapewa fimbo. Mama mkwe amesikiliza malalamiko, na ameamua kumpa mmoja kati ya ile minazi yake miwili. Jumamosi watakwenda wote wawili kumwonyesha mwenye shamba.