Saa Zetu Zinaishia Barabarani

Kuna wakati kumtumia mama fedha kijijini kulihitaji kumtafuta kondakta wa basi unayemwamini, kisha kusubiri siku kadhaa upate habari kama zimefika. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, kazi hiyo ikawa ya dakika chache. Umeme nao tunanunua tukiwa kitandani. Kwa hesabu hiyo, sisi wa Dar es Salaam tungekuwa na nafasi kuliko wazazi wetu. Mbona basi kila unayemsalimu anakujibu hana muda?

Wapo wanaolaumu simu. Ina sehemu yake, sikatai. Lakini kinachotumaliza zaidi ni umbali kati ya nyumba na kazi. Anayeishi Chanika, pembezoni mwa jiji, huamka saa kumi alfajiri ili saa mbili awe Posta, katikati ya jiji, na akirudi hukuta watoto wamelala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki; saa za kusimama kwenye daladala hazimo. Tuseme ni saa 3 tu kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa siku 22 za kazi zinafika saa 66, yaani karibu wiki moja na nusu ya kazi isiyo na mshahara, kila mwezi.

Ndiyo maana hata msibani tunatuma rambirambi kwa simu, tunawahi makaburini, tunaondoka. Wazee wanasema tumepoteza utu. Wanatuonea. Wengi wetu tunawahi gari.

Huduma ya mabasi ya mwendokasi ilianza mwaka 2016, barabara ya juu ya Tazara ikafunguliwa 2018, ya Ubungo 2021. Zimesaidia, ila zote zinatupeleka kulekule, Posta na Kariakoo, huku viwanja vya bei nafuu vikizidi kusogea mbali. Kazi na huduma ndizo zinazopaswa kuhamia waliko watu: Mbagala, Bunju, Gongo la Mboto. Hilo litachukua miaka, na linahitaji serikali. Lakini kupanga saa tofauti za kuingia kazini hakuhitaji hata shilingi moja ya bajeti. Wewe mwenye ofisi unayesoma hapa, Jumatatu waulize wafanyakazi wako wanaamka saa ngapi.